Neno la siku lilikuwa linakuja kwa miguu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimesimama ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine simu. Kama kila asubuhi nilifungua grupu letu la maombi la WhatsApp, nikashuka hadi ujumbe wa mwisho, nikaandika "Amina", nikairudisha simu mfukoni.

Kuna mzee wetu anayetutumia neno la siku kabla jua halijachomoza. Mstari mmoja wa Agano la Kale, mmoja wa Agano Jipya, na sala fupi. Hajaruka siku kwa miaka 4. Nasi tunaitikia mmoja baada ya mwingine, watu 60 na kitu, kila mtu na Amina yake.

Siku ile ujumbe wa mwisho haukuwa neno la siku. Mama mmoja wa grupu alikuwa ameandika kwamba mwanawe amefariki usiku, wodini, saa nane.

Nami nikaandika Amina.

Niligundua saa nne, wakati wa chai. Juu ya yangu kulikuwa na Amina nyingine tatu, chini yake mbili, kisha mtu mmoja ameandika, "Jamani, someni kwanza. Pole sana mama." Kuanzia hapo pole zikafuatana. Wenzangu walikuwa wameshafuta zao. Nikafuta na yangu. Ikabaki mistari sita ya kijivu inayosema ujumbe umefutwa, imejipanga chini ya habari ya kifo cha kijana wa miaka 19.

Hakuna aliyenisema. Mwili ulisafirishwa kwenda kuzikwa kijijini, nami nikabanwa na kazi.

Rambirambi nilituma kwa simu.

## Kitabu cha bibi

Nimekaa na jambo hili wiki ya tano sasa. Ningekuwa sisali ningejua pa kuanzia. Lakini nasali kila siku. Sijawahi kukosa neno la siku tangu nijiunge na grupu, na kama ungeniuliza juzi kama mimi ni mtu wa ibada, ningesema ndiyo bila kusita.

Nililelewa na bibi, kule Rungwe, kwenye baridi na migomba. Bibi alikuwa Mmoravian wa kuzaliwa, muumini wa kanisa la Moravian, na kitabu chake kidogo cha maneno ya kila siku kilikaa juu ya kabati, kimefungwa ndani ya kitambaa. Alfajiri alinipa nisome kwa sababu macho yake yalishachoka. Nikimaliza alinyamaza kidogo, halafu alitaja jina la mtu. Jirani fulani, mgonjwa fulani, binti aliyekorofishana na mumewe. Baada ya chai alijifunga khanga ya pili na kwenda huko. Mara nyingi alibeba ndizi au maziwa. Mara nyingine hakubeba kitu.

Nilidhani anapenda kutembea tu.

Kitabu kile najua kimetoka wapi, kama anavyojua kila mtoto aliyesoma kipaimara kwetu: Herrnhut, Ujerumani. Nilichokuwa sikijui ni jinsi kilivyoanza, na nilikipata katika wiki hizi nikisoma usiku kwa sababu usingizi ulikuwa umenikataa.

## Nyumba 32

Mnamo 1722 wakimbizi wachache kutoka Moravia walifika kwenye ardhi ya kijana wa ukoo wa kikabaila, Nikolaus von Zinzendorf, wakakata mti wa kwanza na kuanza kujenga. Miaka 5 baadaye kijiji kilikuwa kimejaa watu waliokimbia mateso kwa ajili ya imani, na walikuwa wakigombana vibaya sana kuhusu imani hiyohiyo. Zinzendorf aliacha kazi yake ya serikali huko Dresden, akaja kukaa nao, akaenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na kila mmoja. Tarehe 13 Agosti 1727 walikula meza ya Bwana pamoja huko Berthelsdorf, wakalia, wakasameheana. Hilo tunalisherehekea kila mwaka.

Sasa sikiliza kilichofuata. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa waliokusanyika maneno machache ya kubeba kesho yake. Asubuhi yakapelekwa kwenye kila nyumba ya kijiji. Nyumba zilikuwa 32. Ndugu mmoja alitembea, akabisha hodi, akasema neno la siku, akazungumza na waliomo: mmeamkaje, mioyo yenu ikoje, nani anaumwa, nani hazungumzi na nani. Kisha alirudi na habari za nyumba hizo, ili ndugu wajue wa kumwombea na wa kumsaidia.

Kitabu kilichochapwa kilikuja 1731. Leo hutoka kwa lugha zaidi ya 50, chetu cha Kiswahili kikiwemo, na mistari ya Agano la Kale bado huchaguliwa kwa kura palepale Herrnhut.

Niliposoma habari ya nyumba 32 niliweka simu chini, nikamkumbuka bibi na khanga yake ya pili.

Neno la siku lilikuja kwa miguu. Lilikuwa na macho. Mtu aliyelileta aliona kama jiko limewashwa au la. Asingeweza kusema Amina kwenye nyumba yenye msiba, kwa sababu angesikia kilio kabla hajafika mlangoni.

Sina ugomvi na mzee wetu anayetuma neno. Anafanya sehemu yake kwa uaminifu kuliko yeyote kati yetu. Sehemu nyingine, ya kutembea, ndiyo iliyokuwa yetu.

## Kidderminster, Jumatatu na Jumanne

Wajerumani hawa hawakuanza wenyewe. Mtu anayeitwa baba wa Wapietisti, Wakristo wa Kijerumani waliotaka imani iwe ya moyoni na ya kila siku, Philipp Jakob Spener, alisoma tangu ujana vitabu vya ibada vya Wapuritani, Waprotestanti wakali wa Uingereza, vilivyotafsiriwa Kijerumani, hasa kimoja cha Lewis Bayly kuhusu namna ya kuishi kwa uchaji kila siku. Kitabu hicho kilisafiri sana. John Bunyan, mhubiri na mwandishi wa Kiingereza, alipooa mara ya kwanza, yeye na mkewe hawakuwa na sahani wala kijiko, lakini mke alikuja na vitabu viwili alivyoachiwa na baba yake, na kimoja kilikuwa hicho. Spener alianza kukusanya watu nyumbani kwake Frankfurt mwaka 1670 kusoma na kuzungumza pamoja, na mwaka 1675 akachapa mapendekezo yake ya kuliamsha kanisa, la kwanza likiwa kwamba Neno lizungumzwe na watu wote, lisiachiwe mimbari peke yake. Huyu ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Zinzendorf. Kwa hiyo kuna uzi mmoja kutoka Uingereza hadi kabati la bibi yangu.

Kati ya Wapuritani wote, anayenisumbua zaidi ni Richard Baxter.

Alikuwa mchungaji wa Kidderminster, mji wa wafuma nguo, katikati ya miaka ya 1600. Mwili wake ulikuwa wa maradhi tangu ujana. Parokia yake ilikuwa na familia zaidi ya 800. Yeye na msaidizi wake walitenga Jumatatu na Jumanne, asubuhi hadi karibu usiku, kuzungumza na familia 15 au 16 kwa wiki, ili mwaka ukiisha wawe wamewafikia wote. Familia moja kwa wakati wake, saa nzima. Aliwauliza wanachokiamini, halafu, kwa upole, akauliza hali ya roho zao.

Na hapa alikiri jambo ambalo wahubiri wachache wangekiri. Alisema amekutana na watu waliomsikiliza akihubiri miaka 8 au 10, na bado hawajui kama Kristo ni Mungu au mwanadamu. Alisema pia kwamba nusu saa ya mazungumzo ya karibu imewafaa baadhi ya watu kuliko mahubiri ya miaka 10.

Baxter alikuwa mhubiri hodari. Angeweza kulaumu wasikilizaji. Badala yake aliketi nao, familia moja moja.

Nimejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu aliniuliza hali ya roho yangu, akasubiri jibu. Nimekumbuka mtu mmoja tu, na alikuwa bibi.

## Hakimu aliyesimama

Kuna upande mwingine wa Wapuritani ambao niliuogopa, na bado nauogopa kidogo. Shajara zao. Walijichunguza kila jioni kwa kalamu: leo nimewaza nini, nimekasirika wapi, nimepoa wapi. Wengine walijitesa kwa kuuliza kila siku kama wao ni miongoni mwa wateule. Mtu anaweza kuzama humo asiibuke. Na shajara zote zile hazikuzuia Salem.

Mwaka 1692, huko Salem, Massachusetts, Marekani ya leo, watu waliojichunguza hivyo waliwanyonga wenzao 19 kwa tuhuma za uchawi. Mzee mwingine alikandamizwa kwa mawe hadi akafa. Sisi tunaosoma habari hizi kutoka nchi ambako vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, tusipite haraka.

Mmoja wa mahakimu wa Salem alikuwa Samuel Sewall wa Boston, naye aliandika shajara kwa zaidi ya miaka 50. Miaka 4 baada ya kesi hizo, nyumba yake ilipigwa. Tarehe 23 Desemba 1696 binti yake mdogo, Sarah, akafa. Kesho yake, msiba ukiwa ndani, mwanawe Sam alikuwa akisoma kwa Kilatini sura ya 12 ya Mathayo, akafika aya ya 7:

"Lakini kama mngalijua maana yake maneno haya, Nataka rehema, wala si sadaka, msingaliwalaumu wasio na hatia."

Sewall aliandika kwamba aya hiyo ilimkumbusha kwa uchungu mkubwa mambo ya Salem.

Aliijua aya hiyo. Mtu kama yeye alikuwa ameisoma pengine mara 100. Lakini safari hii ilitoka kinywani mwa mwanawe, ndani ya nyumba yenye jeneza dogo.

Tarehe 14 Januari 1697 ilikuwa siku ya kufunga na kuomba katika koloni zima. Sewall alimpa mchungaji Samuel Willard karatasi. Willard akaisoma mbele ya kanisa, na Sewall akasimama kwenye kiti chake muda wote, watu wote wakimwona, huku ikisomwa kwamba anajitwika lawama na aibu ya kesi zile, na anaomba msamaha kwa wanadamu na kwa Mungu. Iliposomwa hadi mwisho, akainama. Hakimu mkuu wa Salem, William Stoughton, hakuomba msamaha hadi anakufa. Sewall, mwaka 1700, alichapa kijitabu cha kupinga kuuzwa kwa Waafrika, wakati matajiri wa Boston walikuwa hawataki kusikia habari hiyo.

Nimesoma kisa hiki mara nyingi wiki hizi. Ninachokishika ni kule kusimama.

Mimi nilifuta.

## Umeokoka lini?

Nikiishia hapo nitakuwa nimewapaka rangi. Watu hawa walitupa pia mambo mengine, na mengine yalituumiza.

August Hermann Francke, mwanafunzi mkubwa wa Spener, alikuwa kijana msomi huko Lüneburg mwaka 1687, akiandaa mahubiri kuhusu imani, akagundua kwamba yeye mwenyewe hana hakika hata kama Mungu yupo. Akapiga magoti, akaomba, na shaka ikaondoka kama mtu anavyogeuza kiganja. Alitoka hapo akafanya mambo makubwa. Mwaka 1695 alikuta kwenye sanduku la maskini huko Halle thaler 4 na groschen 16, fedha za Kijerumani za wakati ule, akasema hizi zinatosha kuanzisha shule, akanunua vitabu. Kutoka hapo kikatokea kituo cha yatima na shule zilizojulikana Ulaya nzima.

Lakini njia yake ikageuka kuwa kipimo. Watu wa Halle walianza kutaka kila mtu apite mlemle: kwanza mapambano makali ya toba, machozi, kisha nuru, na ikiwezekana tarehe. Zinzendorf, aliyempenda Yesu tangu utoto na kusoma shuleni Halle kwao, alishukiwa kwa sababu hakuwa na mapambano ya kuonyesha.

Unaijua hiyo. Umeokoka lini? Tarehe ngapi? Nani alikuongoza? Nimeona watu wakibuni tarehe ili wapate kukaa kwenye kiti. Nami nimewahi kuikuza yangu kidogo, mbele ya watu, machozi yakiwa yameshatengwa mahali pake.

Na kuulizwa hali ya roho, ambako ninakutamani sasa, kunaweza kuwa upelelezi. Nilikuwa kijana katika kikundi kimoja ambacho tulihimizwa kuungama sisi kwa sisi, kwa sababu Yakobo anasema, "Ungamanianeni dhambi zenu." Msichana mmoja aliungama jambo zito Jumatano. Kufikia Ijumaa lilikuwa sokoni. Hakurudi tena, na sikumfuata kumwuliza. Kwa hiyo ninaposema tuulizane, nasema nikiwa na uso wake mbele yangu.

Halafu kuna jambo la kisiwa cha St. Thomas, ambalo kwetu halisimuliwi. Tunasimulia jinsi Leonhard Dober na David Nitschmann walivyotoka Herrnhut mwaka 1732 kwenda kuwahubiria watumwa wa Karibiani, na ni kweli walikwenda, na wenzao waliowafuata walikufa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Hatusimulii kwamba kabla ya miaka 10 kupita misheni hiyo ilinunua shamba pamoja na watumwa wake. Wala kwamba Zinzendorf alipotembelea kisiwa hicho mwaka 1739 aliwaambia watumwa wawatii mabwana zao, kwa kuwa Mungu ndiye aliyepanga hivyo. Walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba. Walikaa na watumwa, wakawafundisha kusoma, wakawauliza mioyo yao ikoje. Na bado minyororo hawakuigusa.

Hili linanitoa pumzi. Nilikuwa nimeshajenga hoja nzuri kwamba ukimwona mtu uso kwa uso huwezi kumkosea. Sivyo. Mtu anaweza kubisha hodi, akaketi, akaomba na kulia nawe, na asione kile kinachokuua.

Sijui nifanye nini na hilo, zaidi ya kulibeba pamoja na yale mazuri. Ila nafikiri Sewall anaonyesha kidogo: aya ilimpiga kuhusu Salem, na pengine kwa kuwa alikubali kupigwa pale, miaka 3 baadaye aliweza kuona na watu waliokuwa wakishushwa kwenye meli bandarini kwake.

## Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa yule mama. Nilishuka kituo cha mwisho, nikapanda kilima kwa miguu. Sikubeba kitu, maana nilijua nikianza kufikiria cha kubeba nitaahirisha tena.

Alikuwa anachambua mchele kibarazani. Aliponiona akasogeza ungo, akanipisha kwenye mkeka.

"Karibu mwanangu. Umepotea."

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Nilikuwa nimejiandaa maneno njiani, yakaniishia. Nikamwambia tu: mama, siku ile niliandika Amina, sikuwa nimesoma. Nimekuja kuomba unisamehe.

Alinyamaza. Vidole viliendelea kutafuta chuya.

"Niliziona," akasema. "Nilikuwa nimekaa nje ya wodi, bado hawajanipa karatasi. Naona Amina, Amina. Mimi nikajua mmesoma. Nikasema basi, wenzangu wote wameshakubali kwamba ni mapenzi ya Mungu, nimebaki mimi peke yangu nisiyekubali. Nikaona labda imani yangu ndiyo mbovu."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimeliona kosa langu kwa wiki 5 kutoka upande wangu, kama aibu yangu. Sikuwahi kuwaza kwamba lilimfikia kama hukumu.

Alinionyesha vitu vya kijana. Alikuwa anajifunza ufundi simu. Bisibisi zake ndogo zimepangwa kwenye bati la biskuti, kila moja imefungwa kipande cha utepe kuonyesha ukubwa wake. Rangi ya bluu ndiyo ndogo kuliko zote. Mama alizishika moja moja akinieleza kazi ya kila moja, kama alivyoelezwa na mwanawe. Nilikaa hadi saa kumi na moja. Nililia, naye akanifariji, jambo ambalo lilikuwa kinyume kabisa na nilivyokusudia.

Nilipoinuka kuaga akaniuliza, "Neno la leo limesemaje? Mimi tangu siku ile sifungui grupu."

Lilikuwa limetumwa asubuhi. Nilikuwa nimeliona.

"Sijalisoma, mama."

"Basi kaa," akasema, akaingia ndani kutafuta miwani yake.